Unga Uliokataa Mwanga

Jambo zima liligharimu shilingi elfu arobaini na moja, mia tisa na hamsini. Nimehesabu mara mbili, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata mayai ya jirani, na mara ya pili nikapata elfu arobaini na tano, mia tatu na hamsini. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ya kwanza ndiyo binti yangu anayoijua. Ya pili iko kichwani mwangu peke yangu, na ndiyo imenikalisha chini niandike, mimi ambaye kwa kawaida sishiki kalamu ila kwa kuandika bei juu ya pipa.

Kazi yangu ni vitu vitupu. Nanunua mapipa ya plastiki na mitungi iliyokwisha kazi, naviosha, halafu naviuza hapa Merigi kwa watu wa kukinga maji ya mvua na watu wa maziwa. Ukifanya kazi hii lazima ujifunze kuuliza kilichokuwamo. Pipa lililobeba dawa ya wadudu siliuzi kwa mtu wa maziwa, hata akilia. Moja niliwahi kulitoboa kwa msumari ili nisishawishike. Silisemi hilo kwa kujisifu. Nalisema ili ujue kwamba mambo ya kilichomo ndani ya chombo nilikuwa nayajua vizuri kuliko wengi.

Binti yangu ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki akatuachia nusu eka ya chai na kona moja iliyopandwa vibaya. Msichana alisoma mpaka akafika digrii ya pili, upande wa kemia, kwa msaada wa mfadhili aliye nchi za nje. Alikuwa amebakiza kazi moja tu, kuotesha fuwele. Fuwele ni neno la vitabuni. Mimi niliziita chumvi zake, na alikuwa ameacha kunirekebisha kitambo.

Kisha walimu wa chuo wakagoma, maabara ikatiwa kufuli. Mfadhili hakugoma. Alikuwa ameandika tarehe ya kupokea kazi, na tarehe haijui kufuli. Basi binti yangu akaja nyumbani na katoni moja. Ndani mlikuwa na visahani vya kioo, daftari, chupa ya dawa ya kuyeyushia iliyobaki kidogo chini, na unga mweupe usiojaa kijiko cha chai, umefungwa mara tatu kwa ile karatasi ya fedha inayowekwa ndani ya magunia ya majani kiwandani. Nusu ya bei ya unga huo ililipwa na chuo. Nusu ililipwa na bonasi yangu ya chai ya mwaka huo, yote, bila kubakisha hata ya sukari.

“Na huu ukiisha?” nilimuuliza.

“Ukiisha nimeisha, Mama.”

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa.

Aliniomba stoo yangu ya mapipa. Alitaka mahali penye giza, penye baridi isiyobadilika, pasipotikisika. Baridi tunayo, hata ya kugawa. Giza tulilitengeneza kwa kitambaa cheusi na rafu ya mbao, na fundi wa rafu alinifanya nibishane naye asubuhi nzima. Kutotikisika ndiko kulikuwa kugumu, maana pipa tupu likiviringishwa linatoa mlio kama radi. Nikawaamuru wateja wangu wote wayabebe mapipa mikononi na waongee polepole karibu na stoo. Wiki haikuisha kabla mama mmoja wa kanisani hajaleta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala, akininong'oneza pongezi. Alikuwa ameshajua kwamba binti yangu amejifungua. Nilimweleza kwamba ni chumvi. Aliniangalia kwa huruma, akaacha mursik hata hivyo.

Siku moja tulikuwa tunaosha mapipa nje, nikamwambia anieleze vizuri ni nini hasa kilichomeza bonasi yangu.

“Mapipa yako ni nini, Mama?”

“Ni pesa.”

“Kabla ya kuwa pesa.”

“Ni plastiki.”

“Na plastiki ni minyororo. Vijichembe vidogo ambavyo huwezi kuviona, vimeshikana mikono, maelfu kwa maelfu. Kiwandani wanavishikanisha vikiwa majimaji. Ni kama siku ya soko, kila mtu anatembea, anamshika yeyote aliyemgonga. Mimi nataka vishikane vikiwa vimekauka. Hakuna anayetembea. Kila mmoja ameketi alipoketi. Mwanga unapita juu yao, na anayemfikia jirani anamshika. Asiyefikia anabaki peke yake.”

“Kama kanisani mkiambiwa mpeane mkono wa amani?”

“Ndiyo. Ila hakuna ruhusa ya kuinuka.”

“Basi kwetu hakuna mnyororo. Watu wanaketi mbalimbali, kila mtu na mkoba wake kando.”

Alicheka, akaacha brashi. Akanionyesha kule juu, kwenye chai yetu. “Unaiona ile kona ya Baba?”

Ninaiona kila siku. Mume wangu aliuziwa miche pungufu mwaka ule wa kupanda, na badala ya kurudi kugombana akaitawanya ienee. Chai hupandwa futi nne kwa mbili na nusu. Pale alipanda kwa macho. Shamba lililobaki matawi yalikutana zamani, juu pakawa sawa kama meza, unaweza kuviringisha chungwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ile kona haijafunga mpaka leo. Kila mche umesimama na kivuli chake, na magugu katikati.

“Miche ni ile ile,” binti yangu akasema. “Udongo ni ule ule, na mvua haina ubaguzi. Tofauti ni nafasi tu. Unga wangu uko hivyo. Ukikauka, unaweza kujipanga kwa namna mbili. Kwa namna moja vijichembe vinalaliana kidogo, bega kwa bega, vimeinama pamoja upande mmoja, na mkono wa huyu uko karibu kabisa na mkono wa yule. Hizo ukizitoa kwenye mwanga zinashikana, zinakuwa za bluu, na hata uzitie kwenye dawa haziyeyuki tena. Kwa namna ya pili nafasi inazidi kidogo tu, kidogo ambacho hakuna rula ya kukipima. Hizo zinabaki nyeupe. Uzianike mwaka mzima, zinabaki nyeupe.”

“Na nani anazipangia viti?”

“Hapo sasa. Ndilo swali langu lote. Inaweza kuwa joto. Inaweza kuwa haraka ya kukauka. Inaweza kuwa ile dawa iliyoziyeyusha. Sijui ni kipi kina nguvu kuliko kingine.”

Nilisikia hivyo kwa masikio haya mawili. Alisema dawa. Sikusinzia, sikuwa na pipa kichwani. Nililiweka neno hilo pamoja na mambo mengine mengi ambayo watu wenye elimu husema, nikaendelea kusugua.

Ile dawa kidogo iliyobaki chupani ilitosha kisahani kimoja. Baada ya siku chache akaniita. Alikuwa amekitoa chini ya kitambaa, akakiweka dirishani. Ndani mlikuwa na vijiti vyembamba vyeupe, kama ncha za sindano. Tukasimama. Kwanza vikaona haya, vikawa na wekundu hafifu wa shavu la mtoto. Kisha samawati. Kisha bluu nzito ya wino. Hakuna aliyevigusa na hakuna kilichosogea. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, kushangaa kunapandisha bei, lakini siku hiyo nilisema “Yesu” kwa sauti.

“Sasa nikiwa na visahani tisa kama hiki,” akasema, “nimemaliza shule.”

Kilichohitajika ni dawa zaidi. Akaniandikia jina lake kwenye karatasi, na jina la duka la vifaa vya maabara huko Nakuru ambako wanapima na kujaza chupa ya mteja. Mimi nilikuwa naenda upande huo hata hivyo, kupitia Londiani kuchukua mitungi. Akanipa chupa yake yenye lebo, na pesa nilikuwa nayo mwenyewe, elfu tatu mia tisa.

Dukani palikuwa na msichana nyuma ya kioo. Nikamwambia apunguze.

“Bei ni hiyo, Mama.”

“Nimetoka Bomet.”

“Karibu sana. Bei ni hiyo.”

“Na nikichukua chupa mbili?”

“Itakuwa mara mbili, Mama.”

Nikatoka kwa ule mwendo wa polepole, wa kumpa mtu nafasi ya kukuita. Hakuita. Nikajikuta barabarani, na mtu wa biashara akifika barabarani bila kuitwa, roho yake inachafuka. Hapo ndipo nilipoharibika. Haikuwa shida ya pesa. Pesa ilikuwa mkononi. Ilikuwa ni kule kutoitwa.

Nyuma ya barabara hiyo kuna wauzaji wa rangi na thina, ile ya kupunguzia rangi uzito. Kijana mmoja akaniona na karatasi.

“Mathe, unasaka nini?”

Akasoma jina huku midomo ikitembea. “Hii sina. Niko na ndugu yake.”

“Ndugu wa baba au wa mama?”

“Tumbo moja, Mathe. Inayeyusha, inakauka, haiachi alama. Watu wa rangi wote wanatumia hii.”

“Nataka isiyo na uchafu.”

Akanimwagia kidogo kiganjani. Ikapotea kabla sijafunga mkono, ikaacha baridi. “Imeenda. Uchafu ungebaki wapi?”

Harufu ilifanana, ile ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Alianza na elfu tatu, nikamshusha mpaka mbili na mia tatu, na nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi njia nzima. Akaijaza chupa ya binti yangu, yenye lebo ya binti yangu, na mwandiko wa binti yangu juu yake.

Nyumbani akafungua kizibo, akanusa, akasimama.

“Inanuka tofauti kidogo.”

“Ilisafiri na ndizi kwenye kikapu.”

“Kizibo kilikuwa kimefungwa?”

“Kilifungwa na mtu wa duka mwenyewe. Unataka nirudi Nakuru nikamuulize?”

Nilisema kwa ile sauti ya kumaliza mazungumzo. Akanusa tena, akanitazama, akaangalia lebo. Mteja wangu yeyote angenirudishia chupa ile. Yeye ni mtoto wangu, akaamini.

Alisubiri siku kumi na tisa. Alifunika visahani kwa karatasi yenye matundu ya sindano ili dawa iondoke taratibu, na kila asubuhi aliandika joto la stoo kwenye daftari. Alipoinua karatasi alipiga kelele, nikadhani ni nyoka. Chumvi zilikuwa ndefu kama ukucha, safi kama kioo, nzuri kuliko zile za kwanza, nzuri kuliko zote alizowahi kuotesha. Alizipiga picha kwa simu. Alinikumbatia na mikono yangu ina sabuni. Nikajiambia, umeona? Ndugu ni ndugu.

Kesho yake tukatoa kisahani dirishani. Jua lilikuwa kali, lile la asubuhi kabla ya mawingu. Tukasimama tena kama siku ile. Nikaenda kuuza pipa, nikarudi. Nikaandaa chai, nikarudi. Yeye hakutoka pale.

“Bado?”

“Bado.”

Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja kila siku, ikapiga mabati mpaka hatukusikiana. Vijiti vilikuwa vyeupe. Siku ya pili akavitoa nje kabisa, juu ya pipa lililopinduliwa, akakaa kando yake na mwavuli akiwafukuza kuku. Vyeupe. Siku ya tatu akavitoa vyote tisa. Mtu aliyepita njiani aliuliza kama tunaanika sukari.

Akampigia mwalimu wake wa chuo. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu alikuwa anageuza kisahani kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa namimina chai mlangoni.

“Zimejipanga ile namna nyingine,” mwalimu akasema. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kwa wema. “Zile zisizofikiana. Umebadilisha nini?”

“Hakuna, mwalimu.”

“Fikiria vizuri. Joto?”

“Nimeliandika. Halijapanda wala kushuka.”

“Dawa ya kuyeyushia?”

“Ni ile ile. Chupa ni yangu, duka ni lile lile. Mama alienda mwenyewe.”

Chai ilijaa kikombe, ikamwagika kwenye kisahani cha kikombe, kisha kwenye vidole vyangu. Ilikuwa ya moto na sikusogeza mkono. Niliona kwamba kama nitasema, ni sasa, katika pumzi hii, kabla hajaendelea. Akaendelea.

“Labda ni unyevu wa huku kwetu,” akasema. “Labda ni mimi.”

Mwalimu akamwambia hajapoteza kitu. Chumvi zisizoshikana zinayeyuka tena. Azirudishe kwenye dawa, aanze upya, tarehe bado inaruhusu mara moja.

Mtu anayehesabu mara mbili alikuwa na nafasi ya kujirekebisha. Nilijua kosa liko wapi. Ningeweza kusema sentensi moja. Badala yake nikafanya kile ninachokijua, nikaenda kununua. Nilimwambia nina mzigo wa kuchukua Londiani, nikafika mpaka Nakuru, kwa yule msichana nyuma ya kioo. Nikaweka elfu tatu mia tisa mezani.

“Leo huombi punguzo, Mama?”

“Leo nina haraka.”

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kulipa bei ya kwanza, na nauli ya siri juu yake. Nilipofika nyumbani yeye alikuwa ameenda kuchuma majani. Nikachukua chupa stoo, nikamwaga ile ya ndugu nyuma ya choo, nikatia ile halisi, nikaipangusa, nikairudisha lebo ikitazama ukutani kama alivyoiacha. Sikuisuuza. Mapipa yote niliyoyaosha maishani, na chupa hiyo moja sikuisuuza.

Akayeyusha chumvi zake zote, akaanza tena. Wiki zile tatu nilikuwa mtu mwema sana. Nilipika nyama. Wateja waliniuliza kama naumwa, kwa jinsi nilivyokuwa napunguza bei.

Siku ilipofika, visahani vinane vilibaki vyeupe kabisa. Cha tisa, kile cha ukutani, vijiti vyake viligeuka bluu kwenye ncha tu, kama vidole vya mtu aliyekaa na baridi muda mrefu.

Sikuelewa. Dawa ilikuwa halisi, nilikuwa nimeilipia. Ni baadaye nilimsikia akimwambia mwalimu kwenye simu kwamba namna ile mbaya ya kujipanga ikishaingia chumbani ni vigumu kuitoa. Punje moja isiyoonekana, ikibaki kwenye kioo au kwenye vumbi, inatosha kuwaonyesha wengine wote namna ya kuketi, nao wanaketi hivyo. Mbegu, aliiita. Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa limejioteshea mbegu kwenye stoo, na dawa yangu nzuri ikaja kumwagilia.

Lakini si hilo lililomvunja. Vyote vyeupe angeweza kuvieleza, na vyote vya bluu vingemtosha. Kilichomvunja ni zile ncha. Alikaa juu ya pipa na daftari magotini.

“Mama, chupa ni ile ile. Unga ni ule ule. Mkono ni ule ule. Mara ya kwanza hakuna hata kimoja, mara ya pili nusu ya kimoja. Inamaanisha sijui ninachofanya. Nimekuwa nikibahatisha miaka miwili.”

“Usiseme hivyo.”

“Ni nini basi?”

Nikasema labda ni hali ya hewa. Hiyo ni mara ya tatu namdanganya, kama unahesabu.

Tarehe ya mfadhili ikapita. Mgomo ukaisha wiki mbili baada ya hapo, maabara ikafunguliwa, wengine wakarudi. Yeye aliandikiwa kwamba msaada umekoma. Alichukua kazi ya kufundisha shule moja karibu na Kaplong, analipwa na bodi ya shule wanapokuwa na pesa, na wasichana wake wanampenda. Huja nyumbani Jumamosi moja moja. Hapiti tena mbele ya stoo. Mapipa yamerudi ndani na yanaviringishwa watu wanavyotaka.

Mwezi uliopita alikuwa jikoni ananisaidia kuchambua mboga, akasema kitu bila kuniangalia.

“Unajua kinachoniuma? Si kufeli. Kama kungekuwa na kitu kimoja kilichobadilika, kimoja tu ninachokijua, ile ingekuwa sura nzima ya kitabu changu. Swali langu lilikuwa ni nini kinazipangia viti. Zilijipanga mara mbili mbele ya macho yangu na sikuona ni nini.”

Nikaendelea kuchambua. Nilikuwa nimeshika jibu la swali lake la miaka miwili pamoja na majani ya mboga. Nilikuwa nimempelekea nyumbani kwa chupa, kwa bei ya chini, kisha nikalimwaga nyuma ya choo ili asilione. Kosa langu la kwanza, angelijua, lingekuwa kazi yake. La pili ndilo lililoifanya isisomeke.

Sasa kuna barua. Chuo kimeandika kwamba kinaweza kumpokea tena, na kuna mlango mwingine wa msaada, akileta maelezo ya maandishi ya kwa nini mafungu mawili yaliyooteshwa kwa dawa moja yalitofautiana. Mwisho wa mwezi huu. Amenisomea barua hiyo mezani kwangu, kisha akanisomea anachotaka kujibu. Ameandika kwamba hakuwa makini. Ameandika kwamba huenda hakuosha vyombo vizuri, kwamba kumbukumbu zake za joto haziaminiki, kwamba anaomba radhi. Nilizisoma kumbukumbu hizo mimi mwenyewe. Zimenyooka kama chai iliyopandwa na mtu mwenye kamba. Aliamka saa kumi na mbili kila siku kuziandika, na anataka kuzikana kwa sahihi yake.

“Wakisoma hivyo watakurudisha?” nilimuuliza.

“Hapana. Lakini ni kweli.”

“Umejuaje ni kweli?”

“Kwa sababu hakuna kingine kilichobaki, Mama. Nimekagua kila kitu. Kilichobaki ni mimi.”

Hajanikagua mimi. Haijamjia akilini. Katika daftari lile, kwenye ukurasa wa dawa, ameandika kwa wino, “imenunuliwa na Mama,” na kando yake ameweka alama ya vema.

Jumamosi hii anakuja kuisafisha barua hiyo ili Jumatatu aipeleke. Nimepata siku tatu za kufikiria, na nimejaribu maneno mbele ya mapipa, ambayo hayana la kusema. Nikianza na yule kijana wa thina, atajua kwamba nilimuuza kwa sababu msichana mmoja wa duka hakuniita nirudi. Nikianza na siku nilipobadilisha kwa siri, atajua kwamba nilimsikia akijilaumu kwenye simu, nikaona afadhali ajilaumu kuliko anilaumu mimi, na kwamba hilo nililifanya kwa makusudi, nikiwa na akili zangu zote na nauli mkononi. La kwanza linaweza kumrudisha chuo. La pili sijui kama litaniachia mtoto. Na hawezi kuandika barua ya kweli bila kupewa yote mawili.

Mimi ni mtu wa kuuliza bei kabla ya kufungua mkoba, na hapa sijui pa kuulizia. Basi nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama umewahi kukaa mezani mbele ya mtoto wako ukiwa na kosa ambalo hujalitaja: akishaketi, kabla hajatoa kalamu, nianze na chupa ya kwanza au nianze na ya pili?